Pumu Yangu na Safari ya Ujerumani

Mwaka 1999 usharika wetu wa Nyakato ulialikwa na usharika rafiki wa Ujerumani upeleke wanakwaya wawili kwa wiki tatu. Mmoja nilichaguliwa mimi, Justa. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na sijawahi kuvuka Geita.

Wenyeji walitaka tukatiwe bima ya safari. Mihayo, wakala wa kampuni mpya ya binafsi, akaleta fomu ofisi ya usharika. Mimi sijui kusoma, hivyo mzee wa kanisa Byabato ndiye aliyeniandikia.

"Una pumu?" Mihayo akauliza.

"Hana," akajibu Byabato. "Aliponywa Pasaka. Alishuhudia mbele ya watu wote."

Ni kweli. Waliniwekea mikono, nikakaa miezi miwili bila kubanwa kifua, Byabato akanisukuma mbele nikashuhudie. Miezi hiyo miwili ilipokwisha, pumu ikarudi. Hilo hakuna aliyeniita kulishuhudia.

"Ninayo," nikasema. "Juzi tu nimechomwa sindano."

"Mama, unamkana Mungu kwa ajili ya fomu?"

"Ameuliza pumu, mzee. Mungu hajamuuliza."

Mihayo akatueleza. Ugonjwa ukitajwa, daktari anaandika barua, kampuni inapima, mara nyingi inakubali. Ukifichwa, ukiumwa huko hawalipi hata panadol.

Nikaleta barua ya daktari. Kampuni ikanikubali. Baraza la wazee likanikataa, kwamba usharika hauwezi kumtuma shahidi wa uongo. Nafasi yangu akapewa Renatha, mke wa Byabato, ambaye hata kwaya haimbi.

Renatha ana sukari. Vidonge alikuwa akimeza mbele yetu. Nilimfuata nyumbani nikamwambia aitaje.

"Dada, mimi sijashuhudia kitu," akasema. "Mwenye uongo ni wewe."

Mumewe akamjazia fomu: hana, hana, hana.

Siku ya tano huko Ujerumani alianguka, akalazwa. Jumapili Byabato akasimama kanisani, akaomba tumwombee mkewe aliyepatwa na ugonjwa wa ghafla ugenini. Mchungaji akauliza nani ataongoza maombi. Nikasimama.

"Bwana," nikasema, "mponye Renatha sukari yake ya miaka sita."

Byabato akakohoa. Nikaendelea mpaka kwenye vidonge, asubuhi kimoja na jioni kimoja.

Kampuni iliomba faili lake la hospitali, ikalisoma, ikakataa kulipa. Wenyeji walilipa wao, na hawajatualika tena. Usharikani wanasema safari za Ujerumani nimeziharibu mimi.