Mlo wa Kukaa Kitako

Siku Ghislaine Vauquelin alipotimiza miaka hamsini, alikuwa amekula chakula cha mchana wima kwa miaka ishirini na sita. Si kwamba mjini kwao Melun hakuna viti. Alikuwa anapakulia watoto kwenye kantini ya shule, watoto mia mbili na ushee, na mpakuaji hula wa mwisho, ameegemea sinki, uma mkono huu, kitambaa cha kufutia mkono ule. Jumapili nyumbani kwake ilikuwa hadithi ile ile. Akigusa kiti tu, mumewe anagundua kuwa haradali haipo mezani.

Huyo mume, Régis, alikuwa mtahini wa leseni za udereva. Kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha abiria na karatasi mapajani, akingoja mtu akosee, na alingoja kwa moyo mmoja. Aliwahi kumfelisha kijana kwa kupiga chafya kwenye mzunguko wa magari, na jioni akaisimulia habari hiyo kama mtu aliyeokoa nchi.

Hata likizo aliigeuza mtihani. Kila mwezi wa saba aliwapakia garini mkewe na binti yao Capucine, wa miaka kumi na sita, wakaenda kutazama makanisa makuu na majumba ya sanaa, na kila walichokitazama alikipa alama kati ya ishirini. Hajawahi kuvuka kumi na nne. Waliojenga makanisa yale walikufa karne nane zilizopita na hawawezi kukata rufaa, jambo lililomfaa sana.

Kanisa la Amiens lilipata kumi na moja. Ile njia ya kuzungukazunguka iliyochorwa sakafuni mwa kanisa haina kibao cha kuonyesha pa kutokea, akasema, na hilo ni kosa kubwa. Kwenye jumba la sanaa alisimama mbele ya picha ya bwana mmoja aliyepanda farasi, akaikodolea macho kama anatafuta taa iliyoungua.

"Yuko kushoto mwa barabara. Nchi hii tunapita kulia."

"Baba, hiyo picha ina miaka mia nne," Capucine akasema.

"Kushoto ni kushoto. Nne."

Mlinzi wa chumba alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akarudi kwenye simu yake.

Asubuhi ya siku ya kuzaliwa walikuwa Reims, ambako kwenye mlango wa kanisa yupo malaika wa jiwe anayetabasamu. Watu husafiri mbali kuja kumwona. Régis alimpunguzia alama mbili.

"Yuko kazini huyu. Anachekea nini?"

"Labda amekuona," Ghislaine akasema.

Régis hakusikia. Alikuwa anaandika.

Sasa, Ghislaine hakutaka cheni wala marashi. Tangu mwezi wa pili alikuwa amesema anachotaka ni kimoja: mlo wa kukaa kitako, katika mgahawa wenye kitambaa mezani, mtu mwingine analeta, mtu mwingine anaondoa. Régis alikubali upesi, na kukubali upesi ndiyo tabia ya mtu asiyejua anaombwa nini. Aliandika kwenye ratiba yake: Laon, saa sita na nusu, mlo. Wino wa bluu. Ghislaine aliusoma mstari ule mara nyingi kuliko barua yoyote aliyowahi kuandikiwa na huyo bwana, na barua zenyewe kwa kweli zilikuwa mbili.

Laon iko juu ya kilima, na kanisa lake lina kituko chake: huko juu kwenye minara wamesimama ng'ombe wa jiwe, vichwa nje, wanachungulia tambarare. Wanasema wamewekwa pale kuwaheshimu maksai waliovuta mawe. Walifika saa sita na robo. Hatua chache kutoka kanisani kulikuwa na mgahawa mdogo, ubao wake nje umeandikwa kwa chaki: pai ya jibini la Maroilles, sungura wa haradali. Vitambaa vyeupe. Ghislaine alimeza mate.

"Dakika kumi tu," Régis akasema. "Kijitabu cha watalii kinasema ng'ombe kumi na sita. Nahakikisha, tunaenda kula."

Akahesabu. Akapata kumi na wanne.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mwingine angesema kumi na wanne au kumi na sita, ng'ombe ni ng'ombe. Régis alizunguka kanisa. Akapata kumi na watatu. Akazunguka tena, shingo imepinda, akamgonga mtawa wa watu, akamlaumu kwa kutotazama kulia.

"Régis, saa saba," Ghislaine akasema.

"Kuna mmoja anajificha nyuma ya nguzo."

"Saa saba na robo, Régis."

"Mgahawa una magurudumu? Utakimbia?"

Ghislaine akautazama mlango wa mgahawa. Yeye alijua jiko. Kule kantini ni yeye mwenyewe anayefunga kidirisha cha kupakulia saa saba na nusu, na mtoto atakayekuja baadaye hata alie machozi ya damu, hapati. Jiko likisafishwa limesafishwa. Hakuna mpishi anayerudisha sufuria motoni kwa ajili ya mtu aliyekuwa anahesabu ng'ombe. Na hapa Laon, kama miji yote ya aina yake, saa nane kamili ni mwisho. Mtoto wa darasa la pili anajua. Régis peke yake hakujua, kwa sababu tangu azaliwe chakula kimekuwa kikitokea mbele yake kila anapokaa, kwanza kwa mama, kisha kwa mke, na hajawahi kujiuliza kinatoka wapi wala kinaisha saa ngapi.

Saa saba na nusu Ghislaine alifunga vifungo vya koti lake, akavuka uwanja, akasukuma mlango wa mgahawa.

"Mmoja, bibi?" mhudumu akauliza. Alikuwa mwanamke wa makamo, kalamu kwenye nywele.

Ghislaine alisita. Kwa miaka mingi alikuwa hajawahi kuwa mmoja.

"Mmoja," akasema.

Aliletewa mkate kwenye kikapu. Aliletewa mvinyo mwekundu. Alipoona uma umechafuka kidogo aliinuka kwenda kuuosha, mhudumu akamshika bega akamrudisha kitini.

"Wewe kaa, mama. Hiyo kazi yangu."

Pai ilikuja inanuka ile harufu ya Maroilles inayofukuza wageni. Ghislaine alikula polepole, kwa makusudi. Saa nane kasoro dakika kumi Capucine alichungulia mlangoni.

"Mama! Baba anasema toka, umemvuruga, alikuwa amefikia kumi na watano."

"Una njaa?"

"Nakufa."

"Basi kaa."

Binti alitazama uwanjani. Baba yake alikuwa amelala chali juu ya mawe, kijitabu kifuani, anamnyooshea kila ng'ombe kidole. Watalii watatu walikuwa wanampiga picha. Capucine akavuta kiti.

"Wa mwisho huyu," mhudumu akaita kuelekea jikoni. "Sungura mwingine, halafu zima!"

Saa nane na dakika saba mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Régis, mgongo mweupe kwa vumbi.

"Kumi na sita!" akatangaza. Wateja waligeuka. "Nimewapata wote! Kanisa linapata kumi na tatu." Akavuta kiti, akatandaza kitambaa mapajani. "Mimi nitakula sungura."

"Jiko limefungwa, bwana," mhudumu akasema.

"Ni dakika saba tu!"

"Saba, ndiyo."

"Lakini mama, hii ni siku ya kuzaliwa ya mke wangu!"

"Ameniambia. Yeye amekula."

Régis alimgeukia Ghislaine kwa yale macho yaliyozoeleka nyumba nzima, macho ya kuuliza haradali iko wapi. Miguu ya Ghislaine ilijikaza chini ya meza, kwa mazoea tu, kama inataka kwenda yenyewe. Hakuiruhusu.

"Sasa mimi nitakula nini?" Régis akauliza.

"Sijui, Régis."

"Hujui?"

"Sijui."

Capucine aliinamisha kichwa kwenye sahani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Régis alisubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri watu wakosee, lakini safari hii hakuna aliyekosea, na mkono wake ukabaki umeelea juu ya kikapu kitupu cha mkate.

Ghislaine akamwita mhudumu.

"Vitamutamu mnavyo?"

"Vya baridi vipo, mama. Vinne."

"Nitajie vyote," Ghislaine akasema, akaegemea kiti. "Taratibu, kimoja kimoja."