Mkono wa Kaka

Mwaka ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kufika Kibosho, kaka yangu mkubwa alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kilivimba, homa ikampanda hadi akawa anaongea ovyo. Hospitalini Moshi walisema vijidudu vimeingia kwenye damu. Alichomwa sindano mfululizo, akapona. Mama alipika mbege, pombe yetu ya ndizi, majirani wakaja, tukaona ugonjwa umekwisha.

Haukupita mwezi, nikamkuta shambani akipogolea mibuni. Kila mbuni ulikuwa umepogolewa upande wa kulia tu. Matawi ya kushoto hayakuguswa, mstari mzima.

"Kaka, huku mbona umeacha?"

"Huku wapi? Siku hizi umekuwa bwana shamba? Nimemaliza."

Alinigeukia akicheka. Ndevu zake zilikuwa zimenyolewa nusu ya uso.

Nilizunguka nikasimama kushoto kwake, nikamwita. Aligeuka kulia, akaniitikia kwa sauti kubwa, akinitafuta kati ya migomba. Ningeweza kumgusa bega.

Mama hakushangaa. "Marehemu baba yenu anamwita. Kesho tutachinja mbuzi, tumwagie mbege."

"Kesho ni mbali, mama. Nampeleka hospitali sasa hivi."

"Si walishamponya hao?"

"Mbuzi anaweza kungoja. Kaka sijui kama anaweza."

Mama aliutazama ule uso ulionyolewa nusu, akaingia ndani, akatoka na koti la kaka. "Haya, mpeleke. Mbuzi nitamfunga hapa hapa."

Daktari aliuliza kaka aliugua nini karibuni. Nilipomweleza, alitikisa kichwa. Ni kiharusi, alisema, kimeufuta upande wa kushoto akilini mwake. Maambukizi ya damu huumiza mishipa na kuifanya damu igande kwa urahisi, na hatari hiyo hubaki hata homa ikishaondoka. Tangu hapo nimesoma kila nilichopata juu ya jambo hili: wiki za kwanza ndizo mbaya zaidi, kisha hatari hupungua polepole. Wakati ule hatukuambiwa.

Kaka hakufa. Siku ya pili mchana aliniashiria nisogee, akanong'ona kwa utulivu.

"Kuna mtu wamemlaza na mimi. Mkono wake huu hapa, wa baridi. Mwambie aondoke."

Nilifunua shuka. Ulikuwa mkono wake wa kushoto, wenye pete ya ndoa.

"Ni wako, kaka."

Nilimgeuza kichwa auone. Aliutazama kwa muda mrefu, kwa adabu, kama mtu anayetazama kitu cha jirani.

"Sasa wangu umeuweka wapi?"