Muuzaji aliyeonja maji yetu

Jamani, leo mtu ametoka Nairobi mpaka Lodwar kutuuzia mashine, halafu akatukataza kuinunua.

Kiwanda chetu cha samaki kinatafuta mashine kubwa ya kupoza. Wauzaji watatu wakaja.

Mwenyekiti wetu, Mama Akiru, akawawekea kila mmoja kikombe cha maji ya bomba. Kwetu mgeni hupewa maji kwanza, maneno baadaye.

Wawili wakafungua chupa zao za dukani. Vikombe vikabaki vimejaa.

Niliona aibu, sijui kwa niaba ya nani.

Wa tatu, mzee mpole, akanywa. Akakunja uso. Akanywa tena polepole.

“Mama, haya ndiyo maji yatakayopita kwa mashine?”

“Ndiyo hayo.”

“Basi msinunue yangu, hiyo hupozwa na maji. Hii chumvi itaziba mabomba. Tafuteni ile inayopozwa na hewa. Mimi siiuzi.”

Akaanza kukusanya karatasi zake. Na safari yote hiyo!

Mama Akiru akamshika mkono.

“Keti, baba. Kama hutuuzii, utatuchagulia.”

Sasa nani anajua wanaouza hizo za hewa? Niandikieni hapo chini.

Mzee bado yuko hapa. Ameomba kikombe cha pili.