Kibao kitupu cha Kezia

Wapendwa, leo mutoto wa miaka kumi na moja amenifundisha, na nimechelewa.

Mnajua darasani kwetu: nagonga meza, wote wanainua vibao vyenye jibu. Cha Kezia huwa kitupu. Amerudia mwaka mara mbili. Kwenye karatasi yake ya matokeo mimi mwenyewe niliandika: hana uwezo.

Juzi kwenye mafunzo ya walimu tukaambiwa, mtoto apewe njia zaidi ya moja ya kuonyesha anachojua. Basi leo nikasema, anayetaka ajibu kwa mdomo.

Kezia akajibu hesabu zote sita!

"Mwanangu, mbona ulikuwa unaninyamazia?"

"Madamu, kuandika ndiko kunanishinda, na wewe ulikuwa unaangalia kibao tu."

Baada ya masomo nikakimbia kwao, hapa hapa mtaani Carama, kusema nilikosea, Kezia anaweza. Mama yake akanisikiliza mpaka mwisho.

"Apana, Madamu. Karatasi yako tuliiamini. Kesho shangazi yake anamuchukua, wakauze samaki, ndagala, kwenye soko la Jabe. Uniforme ya shule nimeisha kumupa mudogo wake."

Kezia alikuwa pale, anaosha sahani. Hakuinua macho.

Mwenye neno la kumwambia mama huyo aniandikie usiku huu. Maombi pia nayapokea, lakini neno kwanza.