Pua ya Basundhara

Shangazi yangu Nirjala alikuwa mhifadhi wa jumba dogo la makumbusho hapa mjini Patan kwa miaka ishirini na sita. Nikitoka shule nilikuwa nampitia kazini, nakaa kwenye kigoda chake, namsumbua kwa maswali. Alijua kila sanamu imefikaje: ipi ilishuka kutoka Tibet imeviringishwa kwenye sufu mgongoni mwa nyumbu, ipi ilichongwa huko Bihar, ipi ilimiminwa shaba na fundi wa mtaa wa pili ambaye wajukuu wake wanagonga shaba mpaka leo.

Lakini aliyempenda kuliko wote ni Basundhara, mungu wetu wa mavuno, wa shaba iliyopakwa dhahabu, mwenye mikono sita. Basundhara alitoka kwenye ua wetu, uwanja mdogo uliozungukwa na nyumba zetu. Shangazi alipokuwa na miaka saba, kazi yake kila asubuhi ilikuwa kumpaka unga mwekundu kwenye paji la uso.

"Nilikuwa sifiki," aliniambia. "Mama ananinyanyua kwa makwapa. Shaba baridi kama maji ya kisimani! Halafu siku nzima darasani nina kidole chekundu, na kila mtoto wa ua wetu anacho."

Asubuhi moja ya mvua walikuta jiwe alilokuwa amewekwa liko tupu na punje za mchele zimetapakaa. Wezi. Miaka thelathini na minane baadaye Basundhara akaonekana ng'ambo, kwa tajiri mmoja, na aliyemtambua kwenye picha ni shangazi, ambaye hakuacha kumtafuta. Alimjua kwa pua. Ilikuwa imelika kwa vidole vya watu mpaka ikawa laini kama kokoto ya mtoni.

Aliporudishwa nchini akawekwa kwenye kabati la kioo, palepale kwa shangazi. Tangu siku hiyo jirani yetu Bibi Asamaya akawa anakuja kila mlango ukifunguliwa, anarusha mchele wa sadaka kwenye kioo.

"Bibi, tafadhali, si humu ndani," shangazi anamwambia. "Panya watakuja."

"Waje. Wao angalau watamfikia."

Mwaka jana wazee wa ua wakaandika barua: Basundhara arudi nyumbani. Wakubwa wa shangazi wakasema mhifadhi atoe maoni yake kabla ya Ijumaa, na atakachosema ndicho kitakachofuatwa. Wiki hiyo shangazi hakula. Alikuwa anazunguka kabati lile kama mama mwenye mtoto mgonjwa.

"Si ulimtafuta ili arudi nyumbani?" nikamuuliza.

"Nyumbani ndiko alikoibiwa."

Alhamisi Bibi Asamaya akaikuta kadi ya kumbukumbu za sanamu iko wazi mezani. Macho yake hayasomi tena, akaniambia nimsomee. Nikasoma: "Uso umeharibika kwa kuguswa mara kwa mara. Asiguswe."

"Nani kaandika hivyo?"

"Mimi," akasema shangazi.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Umeharibika! Nirjala wewe, nani kamharibu? Mama yako. Bibi yako. Na wewe mwenyewe, na makamasi yako, ulikuwa unamchokonoa pua nakuona! Tusingemharibu, ungemjuaje kwenye hiyo picha yako?"

Shangazi akamgeukia Basundhara kwenye kabati.

"Na akiibiwa tena, Bibi?" akauliza.

"Tutalia tena. Humu hata kulia haturuhusiwi, tunaambiwa tusipige kelele."

Bibi akaenda zake. Shangazi akachukua kalamu, akaipiga mstari ile sentensi ya kwenye kadi. Kisha akaandika maoni yake: mlango wa chuma, makufuli mawili, majirani wapeane zamu ya kulala uani. Arudi. Akatia saini haraka haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

Tulimpeleka Basundhara kwa ngoma, barabara nzima imejaa. Uani shangazi akasimama pembeni anatoa maagizo: msimmwagie maziwa, mafuta kidogo tu, taa isikae karibu hivyo! Nani atamsikiliza? Akina mama walikuwa wanalia, watoto wamekwisha kupaka unga mwekundu hadi kwenye nyusi za Basundhara. Moshi wa taa ulikuwa unampanda kifuani. Shangazi akafumba macho, akayafumbua, akajipenyeza kuelekea mbele.

"We mwenye funguo!" Bibi Asamaya akampigia kelele. "Foleni inaanzia kule kisimani!"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, akarudi nyuma, akapanga foleni. Mbele yake walikuwa watu kumi na mmoja. Nilimwona anasimama kwa ncha za vidole, anachungulia, anahesabu zamu yake.