Kipimo cha Sikio

Siku yangu ya kwanza kazini mwenyekiti wa kamati ya wazazi alinikabidhi vitu viwili, kipande cha chaki na fimbo ya mkwaju. Akaniambia chaki ni ya ubao na fimbo ni ya watoto, kisha akafikiri kidogo akaongeza kwamba fimbo inaweza pia kufukuza mbuzi wakiingia darasani. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu yote ya ualimu. Ilikuwa Matinyani, miaka michache baada ya uhuru, nami nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, nikijua kusoma, kuimba na kunyamaza mbele ya wakubwa.

Nasari yetu ilikuwa ndani ya kanisa. Jumapili watu wazima waliyakalia mabenchi yale, na Jumatatu watoto wakayapanda, miguu ikining'inia bila kufika chini. Wazazi wengi hawakuiona nasari kuwa shule. Kwao ilikuwa mahali pa kumweka mtoto asitangetange mama akiwa shambani. Tuliimba a, e, i, o, u mpaka koo zikakauka. Aliyekosea alichapwa, na aliyepatia aliambiwa aimbe tena. Ninyi mliozoea vitabu vya picha na mikeka ya kuchezea msinicheke sana. Nilifundisha kama nilivyofundishwa.

Kazi kubwa ya mwalimu wa nasari siku hizo ilikuwa kumtayarisha mtoto aingie darasa la kwanza, na mlango wa darasa la kwanza ulikuwa sikio. Naona nieleze, maana wajukuu wangu wanadhani natunga. Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ukimwuliza mama mtoto ana miaka mingapi, anakuambia alizaliwa mwaka ule wa nzige, au ng'ombe wa fulani walipokufa. Kwa hiyo mtoto alisimamishwa wima, akapitisha mkono wa kulia juu ya utosi na kujaribu kulishika sikio la kushoto. Akilifikia, ana umri wa shule. Asipolifikia, anarudi nasari mwaka mwingine. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alifanya kipimo hicho kila Januari, watoto wakiwa kwenye mstari na mama zao wakiwa pembeni wameshika vifua.

Mimi nilikuwa na ujanja wangu. Mwezi wa Novemba, kabla ya shule kufungwa, niliwapima watoto wangu mwenyewe, na wasiofikia sikuwapeleka kabisa. Hivyo sikuwahi kurudishiwa mtoto hata mmoja. Jambo hilo lilinijaza kiburi, nalikiri. Nilipohamia Kyuso nilikoolewa, sifa hiyo ilinitangulia. Watu walisema mwalimu Kalondu hakosei, na mimi nikawaamini.

Kyuso ni nchi kavu. Ndengu zikikubali shambani, watu wanacheka, na zikikataa, wanaume wanaondoka na mifugo kutafuta majani. Nilifundisha huko miaka mingi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa mzee mrefu mwenye soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini, na watu walisema anapiga pasi hata kamba za viatu. Aliniheshimu, nami nilimwogopa kidogo na kumpenda kidogo. Alikuwa akisema shule bila mstari ulionyooka ni soko.

Huko Kyuso ndiko alikoletwa Mumbua. Aliletwa na nyanya yake, ambaye wote tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita bibi. Mama yake Mumbua alikuwa amekufa. Mtoto mwenyewe alipokuwa anatambaa aliangukia moto wa jikoni, na alipopona, ngozi ya kwapa la kulia ikashikana na ubavu. Kiganja kilifanya kazi vizuri, aliandika, alifuma vikapu vidogo vya majani, lakini mkono wenyewe haukupanda kupita kifua.

Novemba ya kwanza nilimpima kwenye mstari pamoja na wengine. Akajaribu kuinua mkono wa kulia, akaishia kifuani. Nikamwambia ajaribu mwaka ujao. Novemba ya pili ikawa hivyo hivyo. Alijikunja, akainamisha kichwa mpaka nusura aanguke akilitafuta sikio, na watoto wakacheka. Niliwanyamazisha, nikamwambia Susu kwa upole kwamba mtoto bado.

Susu hakugomba. Aliegemea mkongojo wake, akasema, "Mwalimu, mimi ni mzee. Huyu na huu mkono, nani ataoa yeye? Shamba ya marehemu baba yake, ndugu zake walishachukua. Mimi nataka ajue kusoma tu, nikifa asidanganywe na watu."

Nikamjibu kwamba kipimo si changu. Ni neno lililokuwa jepesi sana kinywani mwangu.

Mwaka uliofuata ndio tuliopata kozi. Serikali ilikuwa imeanza kuwafunza walimu wa nasari tukiwa kazini. Wakati wa likizo tulikusanyika Kitui mjini, na shule zikifunguliwa tulirudi kwenye madarasa yetu, kisha mkufunzi, yaani mwalimu wa walimu, akatufuata huko huko kutuona tukifundisha. Nilikwenda nikinung'unika. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani na karibu miaka ishirini ya chaki mikononi, wangenifundisha nini? Siku ya kwanza tulikalishwa chini tutengeneze vifaa vya kufundishia kwa vizibo vya soda, mbegu na udongo. Mama mzima nikafinyanga ng'ombe wa udongo. Ng'ombe wangu alifanana na kiazi, tukacheka mpaka machozi, na siku hiyo kozi ikaniingia moyoni.

Tulifundishwa pia kuweka daftari la uchunguzi. Unamtazama mtoto mmoja akicheza, akila, akizungumza na wenzake, na unaandika ulichokiona, si ulichokitarajia. Mimi nilimchagua Mumbua kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wote na asingenisumbua. Niliandika kwamba anasoma majina yote kwenye orodha ya darasa. Niliandika kwamba wadogo wakilia wanamkimbilia yeye badala ya kunikimbilia mimi, na kwamba anahesabu vizibo mpaka vinaisha, halafu anaendelea na vidole vya wenzake. Yote niliyaandika kwa mwandiko mzuri. Sikuyasoma.

Mkufunzi alikuja muhula wa tatu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, mchache wa maneno, na nilijua kwamba cheti changu kimo ndani ya mkoba wake. Alikaa nyuma, akaangalia somo, kisha akasoma daftari langu kutoka mwanzo hadi mwisho. Watoto walipokuwa wakinywa uji aliniita kando.

"Huyu unaandika juu yake, mbona bado yuko nasari?"

Nikajibu bila wasiwasi, "Hawezi kushika sikio, madam. Mkono wake uliungua."

Alimtazama Mumbua, akanitazama mimi. "Na ule mwingine?"

Sikumwelewa mara moja. Ninyi vijana mtashangaa, lakini kwetu mkono wa kushoto haukuwa mkono wa kutumia mbele ya watu. Kusalimia ni kwa kulia, kupokea ni kwa kulia, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha watoto hivyo kila asubuhi. Kipimo ni mbele ya mwalimu, basi kilikuwa cha kulia. Haikuandikwa mahali popote. Katika miaka yote hiyo halikuwahi kunijia wazo kwamba mtoto ana mikono miwili.

Mkufunzi alimwita Mumbua, akamwomba ajaribu kwa kushoto. Mtoto hakumtazama yeye. Alinitazama mimi kwanza, kuuliza kama ni adabu. Nikaitikia kwa kichwa. Mkono ukapita juu ya utosi, ukalifunika sikio lote, na vidole vikafika shavuni.

Mkufunzi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliandika maneno machache, akafunga kalamu, akaniambia, "Mwalimu, daftari yako ni nzuri sana. Sasa uisome."

Januari ile nilimpeleka Mumbua kwenye mstari wa darasa la kwanza. Nilikuwa nimemweleza Susu kila kitu, akaja na leso mpya. Ilipofika zamu yake, mtoto akainua wa kushoto, na mwalimu mkuu akamshusha mkono papo hapo.

Akasema kipimo ni kwa mkono wa kulia. Nikamweleza habari za moto. Akasema anamhurumia, lakini akilegeza kwa mmoja kesho watakuja wengi wenye sababu zao. Nikampa daftari. Akafungua kurasa mbili, akarudisha. Halafu akaniuliza swali ambalo nadhani alilipenda mwenyewe: "Mtoto hawezi kuinua mkono, darasani atajibu maswali namna gani?"

Wazazi walikuwa wakisikiliza. Mwenyekiti wa kamati, ambaye angeweza kunifuta kazi kabla ya jua kutua, alikuwa hatua chache kutoka hapo. Miaka yote sikuwa nimewahi kumjibu mkubwa. Sauti iliyotoka sikuijua.

"Atainua wa kushoto, Mwalimu. Na hakuna mtu atakufa."

Susu alikuwa wa kwanza kucheka, akajiziba mdomo kwa leso, halafu wamama wengine wakashindwa kujizuia. Mwalimu mkuu alivuta soksi zake juu, ingawa zilikuwa juu tayari. Akasema mtoto aingie kwa majaribio mpaka Aprili, na akishindwa, nitakuja mimi mwenyewe kumchukua mbele ya shule nzima. Nikakubali upesi kabla hajageuza maneno.

Mwezi wa Machi alikuja hadi mlangoni kwangu. Nikafikiri mambo yameharibika. Akasimama, akasafisha koo, akalalamika kwamba yule mtoto anamsumbua, kwamba kila akiuliza swali kuna mkono wa kushoto juu kabla hajamaliza kuuliza. Alikuwa anajaribu kukasirika na uso ukamkatalia. Januari iliyofuata alipopanga mstari wake, nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia watoto, "Mkono wowote." Tangu siku hiyo sikumwogopa tena, kupenda tu kulibaki.

Cheti nilikipata, na baadaye nikahamishiwa nasari moja ya Mwingi, mji wa malori na mnada wa mifugo. Darasa langu lilikuwa na watoto wa Kikamba na watoto wa Kiislamu ambao wazazi wao walishuka kutoka kaskazini na ng'ombe. Msichana mmoja, Sahra, alikaa wiki tatu bila kutamka neno. Zamani ningeandika kwamba ni mzito, nikamaliza. Safari hii nilimwalika mama yake aketi nasi asubuhi moja. Akachora ngamia ubaoni, na Sahra akasema kwa sauti kubwa, "Geel!" Darasa zima likarudia, geel, geel, na wiki ile nzima watoto wa Kikamba walimwita kila ng'ombe aliyepita barabarani ngamia. Sahra aliwasahihisha kwa ukali wa hedmasta.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Makueni. Nami nikawa mkufunzi mwenye viatu vya raba, nikipanda vilima kuwafuata walimu wasichana walionitazama kama nilivyomtazama yule wa kwangu. Kipimo cha sikio kilikuwa kimekufa wakati huo. Mahali pake palikuja mtihani wa karatasi wa kuingia darasa la kwanza, na mtoto wa miaka sita alinyimwa nafasi kwa kutojua kuandika jina la gari ambalo hajaliona. Niliwaambia walimu wangu kwamba kipimo kimebadilisha nguo tu. Wengine walinielewa. Wengine walitaka cheti, na siwalaumu, kwa sababu hata mimi nilianzia hapo.

Nilipostaafu walinipa blanketi na saa ya ukutani. Baada ya wiki chache nilipanda gari nikaenda Mwingi kumtafuta Mumbua. Nilikuwa nimesikia habari zake mara kwa mara. Alimaliza la nane akiwa mkubwa kuliko wenzake wote, na Susu alipofariki hakukuwa na wa kumpeleka sekondari. Miaka miwili ile niliyomchelewesha ingemfaa, angemaliza Susu akiwa bado na nguvu. Nimeipigia hesabu mara nyingi kitandani, na kila mara inatoka vile vile.

Nilimkuta kwenye baraza la duka, akiwa na cherehani, akishona sare za shule. Alinikalisha, akaagiza chai, akanionyesha binti yake aliyekuwa amelala kwenye vitambaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, lakini nilipoanza yalitoka ovyo. Nilimwambia kwamba nilikosea. Kwamba mkono wa kushoto ulikuwapo siku zote na mimi ndiye sikuuona, na kwamba hedmasta hakumkataa miaka ile miwili kwa kuwa hakuwahi hata kumwona. Ni mimi niliyemkataa. Nikamwomba anisamehe kama alinichukia.

Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mwalimu, mimi sikukuchukia hata siku moja," akasema. "Nilichukia huu mkono."