Nyanjige wa Mashine na Wimbo Uliokosa Mwisho

Nyanjige anakoboa mpunga pale Somanda, mjini Bariadi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mashine yake ikinguruma humsikii hata mtu anayekupigia kelele sikioni, na wateja wake tumezoea kuzungumza naye kwa vidole: madebe mawili, matatu, pumba nachukua, pumba nakuachia. Juu ya dirisha kuna redio iliyofungwa kwa waya kwenye nondo. Haizimwi tangu asubuhi anapofungua mpaka anapofunga. Wengi wamemuuliza redio ya nini mahali kama pale, naye hucheka tu.

Redio hiyo anaisikia mashine inaponyamaza. Mteja akimaliza, Nyanjige anazima swichi, anafagia chenga, anamfungulia mwingine gunia, na katika dakika hizo mbili tatu anasikia wimbo unavyoanza. Kisha anawasha. Akija kuzima tena anakuta wimbo mwingine kabisa unaishia. Kwa miaka yote hiyo amesikia mianzo na miisho ya nyimbo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Katikati yake hapajui.

"Mwanzoni niliona nanyimwa," aliniambia siku moja nikisubiri zamu yangu. "Baadaye nikaona hapana. Mwanzo ndipo mtunzi anapokuja mlangoni kwako. Unaona kavaaje, kabisha hodi vipi. Na mwisho ndipo unapojua kama alikuwa na adabu."

Akianza hapo hanyamazi mpaka mteja afike. Atakuigizia kwa mdomo gitaa la muziki wa dansi linaloanza peke yake, halafu besi inaingia nyuma yake kama mtu mnene anayekaa kwenye benchi. Atakuigizia kijana wa bongo fleva ambaye lazima kwanza alitaje jina la studio, kisha ajitaje mwenyewe, ndipo akumbuke kuimba. Atakuimbia manju wa ngoma za Kisukuma anavyotoa sauti peke yake, watu wote kimya, kabla ngoma hazijamwitikia. Na ya kanisani pia, maana yeye ni sauti ya pili katika kwaya ya parokia: anajua ni nyimbo zipi kinanda huzianza kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta viatu gizani.

Kilichokuwa kinamuudhi ni watangazaji. Wimbo ukiwa umebakiza sekunde kumi, mtangazaji anaingia na salamu zake au tangazo la mbolea, na mwisho unapotea. Mwaka juzi, wiki moja ya mavuno ya mpunga, alihesabu nyimbo ishirini na sita zilizokatwa. Siku ya Jumatatu alifunga mashine mapema, akaenda kwa miguu mpaka kwenye redio ndogo ya pale mjini, nywele zikiwa bado na vumbi la pumba, akamwulizia Danford.

Danford ni kijana wa miaka ishirini na saba hivi, ndiye anayeshika vipindi vya asubuhi. Alitoka akidhani amekuja kudai tangazo lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayekata nyimbo?"

"Nakata nyimbo?"

"Ile ya juzi saa tano, yenye tarumbeta mbili. Zilikuwa zinashuka, zinashuka, zinakaribia kutua, wewe ukaingia na habari za mbolea. Zilitua wapi?"

Danford alijikuna shingo. "Kusema kweli, mama, sijui. Mwisho wenyewe huwa sisikilizi. Na wasikilizaji wengi hawajali."

"Mimi ni nani? Mimi si msikilizaji?"

Kijana akacheka, akamkaribisha ndani, akautafuta wimbo ule kwenye kompyuta na kumpa spika za kichwani. Tarumbeta zikashuka, zikatua, moja kabla ya nyingine kidogo. Nyanjige akapiga kofi mezani kwa furaha mpaka fundi mitambo akachungulia. Danford naye akausikiliza mwisho ule kwa mara ya kwanza, akauliza, "Kumbe hii ya pili inachelewa makusudi?" Wakaendelea hivyo saa nzima, wimbo baada ya wimbo. Wakati wa kuagana Danford akamwambia, "Mama, hebu njoo Jumamosi tuyaseme haya hewani."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha "Hodi na Kwaheri", kila Jumamosi saa nne asubuhi. Wanapiga mwanzo wa wimbo, Nyanjige anaueleza, kisha wanapiga mwisho wake mpaka sauti ya mwisho kabisa. Siku ya kwanza aliogopa. Alisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, wana Bariadi," kisha akanywa glasi nzima ya maji aliyosukumiwa na Danford. Lakini gitaa lilipoanza aliisahau hofu yake.

Wiki ya tatu Danford alileta sanduku la sidii alizoziacha padri mmoja wa Kizungu aliyewahi kukaa parokiani. Ulikuwa muziki wa okestra, vinanda na fidla na matarumbeta, wa watunzi waliokufa zamani sana. Mwanzo wa mmojawapo ulikuwa wa chini mno hata Danford akadhani mashine imeharibika. "Tulia," Nyanjige akamwambia, "anakuja kwa kunyata." Mwisho wake ndio uliowavunja mbavu. Okestra nzima ilipiga kishindo cha kumaliza, kumbe bado. Ikapiga kingine, bado. Kingine tena.

"Huyu anaaga kama shemeji yangu wa Sapiwi," Nyanjige akasema hewani. "Anasimama, anavaa kofia, anakukumbusha jambo, anakaa. Unamsindikiza mpaka mlangoni, anakumbuka lingine. Mpaka kwenye zizi! Lakini akiondoka kweli, nyumba inabaki imepoa."

Simu zikamiminika. Mama mmoja wa Binza, kule Maswa, aliomba mwisho ule urudiwe kwa sababu mumewe alikuwa nje akilisha kuku. Shemeji wa Sapiwi naye alipiga, akajitetea kwa dakika nne nzima na kuaga mara tatu.

Ukaja wimbo wa "Nisubiri Lamadi". Ni wimbo wa dansi wa bendi moja ya Nyashimo iliyovunjika zamani, na Nyanjige aliupenda tangu akiwa msichana. Mwanzo wake ni gitaa moja linalokimbia kama gurudumu la baiskeli kwenye mteremko. Kijana anamwimbia mpenzi wake amsubiri stendi ya Lamadi, anakuja, asichoke, anakuja. Lakini hauna mwisho. Unafifia taratibu, sauti inapungua huku bado anaimba kwamba anakuja, mpaka husikii kitu.

"Sina ugomvi na nyimbo zinazofifia," Nyanjige alisema Jumamosi ile. "Nyingine zinapendeza hivyo, kama watu wanaotembea huku wakiongea mpaka wanapotelea barabarani. Lakini huu unanisumbua. Miaka arobaini yule dada yuko stendi. Bendi ile haikumaliza? Kama yupo anayejua ulivyoishia, apige simu."

Simu ilipigwa kabla ya tangazo. Sauti ilikuwa ya mzee, nzito, yenye kicheko ndani yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Ni nani mwenzangu?"

"Naitwa Machibya. Niko hapa Nyashimo. Hilo gitaa ni mimi."

Danford akalisahau kabisa tangazo, jambo ambalo redioni ni kosa kubwa. Kisha Nyanjige akauliza taratibu, "Unaishiaje, baba?"

"Njoo nikuambie," mzee akajibu.

Jumapili baada ya misa Nyanjige na Danford walipanda basi kwenda Nyashimo. Mzee Machibya, mwenye miaka sitini na nane, ana duka la vifaa vya baiskeli karibu na barabara kuu. Aliwapokea kwa mikono miwili, akawaketisha sebuleni, na mkewe Benedikta akaleta chai na viazi vitamu. Gitaa lilikuwa ukutani, juu ya kalenda.

"Ukweli ni huu," mzee akasema. "Wimbo ule haukuwa na mwisho. Tulikwenda Mwanza kuurekodi mwaka themanini na nne, tumebishana njia nzima utaishaje. Mpiga besi alitaka hivi, mwimbaji vile. Fundi mitambo akatuambia, nyie pigeni tu, nitawapunguza mwenyewe. Tukapiga. Akatupunguza. Tukarudi nyumbani."

Nyanjige aliinamisha kichwa. Alikuwa amesafiri akitarajia kusikia mwisho uliofichwa mahali fulani, kwenye kanda au kichwani mwa mtu. Kumbe haukuwepo popote.

Hapo Benedikta, aliyekuwa amesimama na birika, akaanza kucheka.

"Siku tatu," akasema.

"Basi tena, mama Elia," mzee akamwambia.

"Niwaambie. Yule wa stendi ni mimi. Aliniambia nimsubiri Lamadi Ijumaa, twende kwao akanitambulishe. Kumbe wako Mwanza wanabishana mwisho wa wimbo! Nililala kwa mama mdogo, kila asubuhi naenda stendi na begi langu. Alikuja Jumatatu. Na kitu cha kwanza alichosema si pole. Alisema, tumerekodi!"

Danford alicheka mpaka chai ikamwingia puani. Mzee Machibya alijifunika uso kwa kofia. Lakini Nyanjige hakucheka sana. Alikuwa anamtazama mama yule kama mtu aliyemfahamu utotoni na kupotezana naye.

"Baba," akasema, "alifika."

"Nani?"

"Wewe. Ulifika. Mbona kwenye wimbo hujafika? Teremsha gitaa, umfikishe."

Mzee alitafakari, kisha akasimama na kuliteremsha. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, akafunga mwingine, akaanza kupiga ile sehemu ya mwisho inayozunguka. Nyanjige alifumba macho. Walijaribu kusimama ghafla, ikasikika kama ajali. Walijaribu kupunguza mwendo, ikawa kama mtu aliyeishiwa nguvu njiani. Mzee alipendekeza kumalizia kwa madoido mengi ya vidole, Benedikta akasema kwa sauti kutoka jikoni, "Hiyo ni kujisifu!"

Ilichukua mchana mzima. Waliyoyapata mwishoni yalikuwa mepesi kabisa: gitaa linaendelea na mbio zake zile zile, linapunguza kidogo tu, kama baiskeli inayoshikwa breki kwa upole, halafu mwimbaji ambaye wimbo mzima amekuwa akisema anakuja anasema neno moja, "Nimefika." Kisha sauti moja ya uzi mnene, basi.

Mzee alipoupiga hivyo mara ya kwanza aliweka kiganja juu ya nyuzi. "Neno moja tu," akasema. "Tulibishana siku tatu."

Nyanjige alimwomba aje kuupiga kwenye harusi ya binti yake Milembe, mwezi wa tisa, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wana nafasi. Mzee alikubali kwa masharti: apewe mpiga besi na kinanda, kuimba ataimba mwenyewe. Kinanda alipiga Specioza wa kwaya yetu, besi akapatikana mwalimu mmoja wa sekondari. Walifanya mazoezi pale pale kwenye mashine, siku za Jumapili, mzee akikaa juu ya magunia, na Luhende, mume wa Nyanjige, mtu wa ng'ombe asiyejua jina la wimbo hata mmoja, alikaa mlangoni akitikisa mguu bila kujijua.

Nilikuwepo kwenye harusi. Ilikuwa kwenye ukumbi wa parokia, mchana, joto kali, milango yote wazi. Mzee Machibya alivaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Gitaa lilipoanza kukimbia, wazee wote waliinua vichwa kwa pamoja, na kina mama wawili walikuwa tayari wamesimama kabla besi haijaingia. Vijana ambao hawajawahi kuusikia waliufuata hivyo hivyo. Nyanjige alikuwa meza ya mbele, amevaa kitenge cha bluu, mikono imeshikana mapajani kama mtoto anayesubiri komunyo ya kwanza.

Ulipofika pale unapofifia, wanaoujua walianza kupunguza mwendo na kurudi vitini, kama tulivyozoea miaka yote. Mzee hakupunguza sauti. Watu wakageuka. Gitaa likashika breki yake taratibu, na mzee akaisogelea zaidi maikrofoni.

"Nimefika," akasema, na ule uzi mnene ukalia mara moja.

Kisha Benedikta, kutoka meza ya wageni wa Nyashimo, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Umechelewa!"

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Wajomba wa bwana harusi waliotoka vijijini na fimbo zao walizigonga sakafuni. Nyanjige alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, Milembe amemkumbatia na shela lake lote, na Danford, aliyekuwa mshereheshaji, aliiweka chini maikrofoni kwa sababu hakuna aliyemhitaji. Watu walitaka urudiwe. Ukarudiwa. Wakataka tena. Mara ya tatu Luhende aliinuka, akamshika mkewe mkono, na tukamwona mtu yule wa ng'ombe akicheza dansi ya zamani kwa hatua safi kabisa ambazo hakuna aliyejua amezipata wapi.

"Umejifunza lini?" Nyanjige akamwuliza katikati ya ukumbi.

"Wewe cheza," Luhende akamjibu.

Ratiba ilisema keki ikatwe saa tisa. Ilikatwa saa kumi na moja, imeshaanza kuyeyuka upande mmoja, na tuliila hivyo hivyo.